Mama Kimya na Ndege Ambaye Bado Hajatua

Baada ya kuwatumikia ndege, fisimaji na sisi wafanyakazi wenzake kwa miaka thelathini na mitatu, Mama Kimya, msimamizi wa hesabu ya wanyama na ndege wa kisiwani, anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu wa sita. Mume wangu anasema ni miaka thelathini na minne. Tutafika huko.

Mkuu wa kituo aliponikabidhi kazi ya kuandika wasifu huu alinipa masharti mawili: nisizidishe kurasa nne, na nisimtaje mume wangu zaidi ya mara moja. Sharti la pili nimelivunja kabla kalamu haijapata joto. Naomba mnivumilie. Nina wiki kumi na moja tu katika ndoa, na siku hizi hata nikiandika orodha ya vifaa vya usafi naona mahali pa kumtaja. Kwa wasiotufahamu, mimi ni yule karani wa mapokezi wa dirisha la kwanza, na yeye ni seremala wa kituo, yule mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, Mungu amtunze. Mmemwona. Tuendelee.

Mama Kimya hakuajiriwa kwa ajili ya ndege. Aliajiriwa kupiga chapa. Chumba chake kilikuwa kile cha mwisho kwenye korido, ambacho sasa tunawekea buti za mpira, na kazi yake ilikuwa kunakili ripoti za askari wa kisiwani, herufi kwa herufi, bila kuuliza. Alivumilia kutouliza kwa miezi minne. Mwezi wa tano ilimfikia ripoti iliyosema kwamba katika bwawa la kisiwani wamehesabiwa fisimaji sitini na mmoja. Aliinuka na karatasi yake, akaenda kwa mtaalamu wa wanyama na kumwuliza kwa adabu kama bwawa hilo lina ghorofa.

Mtaalamu alimjibu kwamba kama ana shaka aende mwenyewe akaone. Nadhani alikuwa anatania. Mama Kimya alipanda boti kesho yake akiwa na viatu vya ofisini, kimoja kikabaki kwenye tope na hakijapatikana hadi leo. Alikaa juu ya jiwe pembezoni mwa bwawa tangu asubuhi mpaka alasiri. Jioni alirudi na kiatu kimoja na jibu: fisimaji walikuwa wawili, mke na mume, na askari alikuwa anamhesabu upya kila mmoja alipozama na kuibuka. Wiki iliyofuata mashine ya kupigia chapa ilipewa mtu mwingine.

Tangu hapo hakuna majira ya machipuko yaliyompita bila kuvuka kwenda kisiwani. Alipoanza kuhesabu, buabua, wale ndege wadogo weupe wenye kofia nyeusi, walikuwa na viota kumi na tisa tu kwenye ufuo wa kusini, maana panya walioingia na boti za mizigo walikuwa wanakula mayai kama karanga. Yeye na askari wawili walitega mitego kwa miaka miwili mfululizo, mvua na jua, mpaka panya wa mwisho alipopatikana ndani ya buti lake mwenyewe. Njia ya mbao ambayo wageni wanapita leo bila kukanyaga kiota ni wazo lake. Vibanda vitatu vya kutazamia ni wazo lake. Na ule ukimya ni wazo lake pia, ndiyo maana nusu yetu hatulijui jina alilopewa na wazazi wake. Kisiwani hasemi. Ananyoosha kidole kimoja juu, na watu wazima wenye vyeo vyao wananyamaza. Mwaka fulani mgeni wa heshima alikuwa katikati ya hotuba, kidole kikapanda. Mgeni akakatisha sentensi, akageuka, akamwona buabua ametua hatua tatu nyuma yake na samaki mdomoni. Hotuba haikumaliziwa, na hakuna aliyeiulizia.

Anamtambua ndege kwa namna anavyotua, kama wewe unavyomtambua shemeji yako kwa mwendo kabla hujamwona uso. Mimi sina kipaji hicho. Safari yangu ya kwanza kisiwani, miaka mitatu iliyopita, nilimtazama korongo mmoja mweupe kwa saa mbili nzima. Nilisifu utulivu wake. Nilimwandikia nusu ukurasa. Lilikuwa dumu. Mama Kimya hakunicheka. Alichukua daftari kuu la hesabu na kuandika kwa mwandiko wake mzuri: "Dumu moja, jeupe, halikuruka." Bado limo, ukurasa wa mia mbili na nane, na kila mfanyakazi mpya anaonyeshwa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi mmelisikia vipande vipande kule chumba cha chai, na ambalo mkuu wa kituo alitumaini nitaliruka.

Ufuo wa kusini umefungwa kwa boti za starehe kwa amri inayodumu miaka kumi, na miaka kumi hiyo inakwisha mwaka huu. Ili amri irudiwe, lazima tuthibitishe viota visivyopungua mia moja na hamsini vya buabua. Vikipungua hata kimoja, ufuo unafunguliwa na gati linajengwa palepale mayai yanapolala. Hesabu ya mwezi wa nne mwaka huu ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwa Mama Kimya, na ndiyo iliyobeba miaka yake yote. Mnaweza kukisia alipewa wasaidizi gani.

Askari mmoja alikuwa mgonjwa, mwingine alikuwa masomoni. Mimi na seremala wangu tulikuwa na wiki tatu tangu harusi na hatujapata mahali pa kwenda fungate. Niliona Mungu ameongea. Kisiwa, maua ya manjano kila kona, mbayuwayu wamerudi, machweo mawili, sisi wawili! Tulikwenda chumbani kwa Mama Kimya kujitolea, tumeshikana mikono kama watoto wa chekechea. Alitutazama juu ya miwani kwa muda mrefu.

"Wanangu," alisema, "fungate na hesabu havikai kibanda kimoja."

Tulimwapia. Mume wangu aliapa kwa randa yake. Mimi niliapa kwa marehemu bibi yangu, na leo hii namwomba bibi msamaha.

Utaratibu wa Mama Kimya ni huu. Ufuo umegawanywa vipande kumi na kimoja kwa nguzo zilizopakwa rangi. Wahesabuji ni wawili, wanakaa ndani ya kibanda kimoja cha kutazamia, kila mtu na dirisha lake, na katikati yao umesimama ubao ili mmoja asione karatasi ya mwenzake. Kila mmoja ana darubini na kile kidude cha chuma cha kuhesabia, unachokibonyeza kwa kidole gumba, kinalia tik na kupandisha namba. Ukimaliza kipande unaandika namba yako, unakunja karatasi, unaitia kwenye kopo. Hakuna kusemezana. Mwisho kopo linafunguliwa. Hesabu mbili zikipishana si zaidi ya vitano, inachukuliwa iliyo ndogo. Zikipishana zaidi, mnarudia.

Ubao wenyewe aliupiga misumari mume wangu, miaka miwili kabla hatujajuana. Kwa hiyo aliyetutenganisha ni yeye mwenyewe, nami nilimwambia hivyo siku nzima kwa moyo, maana kwa mdomo ilikuwa marufuku.

Siku ya kwanza tulipanga vyombo, tukamsaidia Mama Kimya kuhesabu minandi, wale ndege weusi wapiga mbizi, kwenye majabali. Siku ya pili tuliingia kibandani saa moja asubuhi, na yeye akaenda upande wa kaskazini kwenye bwawa la fisimaji. Jua lilikuwa linapanda taratibu. Buabua walikuwa wanashuka na kupanda kama vipande vya karatasi vilivyorushwa na upepo. Na upande wa pili wa ubao nilikuwa naisikia pumzi ya mume wangu. Niseme nini zaidi?

Tulihesabu vipande vyote kumi na kimoja, kwa ukimya kamili, kwa nidhamu ambayo sijawahi kuionyesha hata kwenye mtihani wa kidato cha nne. Jioni, kwenye meza ya chumba cha askari, kati ya taa na birika, Mama Kimya alifungua kopo. Kipande cha kwanza: kumi na nne, kumi na nne. Cha pili: tisa, tisa. Cha tatu: kumi na saba, kumi na saba. Mimi nilianza kutabasamu. Kufikia cha saba nilikuwa na machozi. Vipande vyote kumi na kimoja vililingana. Jumla mia moja arobaini na moja, na mia moja arobaini na moja. Nilimshika mume wangu mkono na nikasema kwa sauti kwamba kweli sisi ni mwili mmoja.

Hata sikuzingatia kwamba mia moja arobaini na moja ni chini ya mia moja na hamsini. Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo.

Mama Kimya alikuwa amelizingatia, lakini si hilo lililomfanya avue miwani. Alisema hata ingekuwa mia tatu angeitupa. Alisema amehesabu na watu wenye macho ya kipanga, na hajawahi kuona watu wawili waaminifu wakilingana mara kumi na moja. Kisha alituuliza, mmoja mmoja, kama mama anavyouliza watoto nani amefungua kopo la sukari: mlikuwa mnahesabu nini?

Mume wangu ndiye aliyevunjika kwanza, kwa sababu ana moyo safi. Alikiri kwamba alikuwa anasikia kidude changu kikilia upande wa pili, na kwa kuwa ananiamini kuliko macho yake, kila nilipobonyeza naye alibonyeza.

Nilitamani sakafu ipasuke. Kwa sababu mimi nami nilikuwa nabonyeza kila niliposikia yeye amebonyeza.

Fikirini wenyewe. Mmoja anamsubiri mwenzake, mwenzake anamsubiri yeye. Kidole kimoja kinateleza, tik, cha pili kinaitikia, tik. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Yetu yalikuwa yanalia kama saa ya ukutani. Tulikaa saa tisa ndani ya kile kibanda tukihesabiana sisi kwa sisi, na buabua wote wa ufuo wa kusini hawakuwamo kwenye hesabu yao wenyewe. Nahodha wa boti, aliyekuwa anakunywa chai mlangoni, alilazimika kutoka nje. Tulimsikia akicheka mpaka gatini.

Mama Kimya hakucheka na hakugomba. Kugomba kungekuwa nafuu. Alituambia tu kwamba boti inaondoka kesho saa sita mchana, baada ya hapo upepo utazidi na haitaweza kuvuka, na ripoti inatakiwa mezani keshokutwa. Hakuna siku nyingine. Halafu akaufungua mlango wa kabati, akatoa daftari kuu, akatuonyesha ukurasa wa zamani uliokuwa na jambo la ajabu. Kwenye mstari mmoja palikuwa na ndege mmoja, tarehe moja, saa moja, lakini majina mawili: "Mwewe" kwa mwandiko wake, na chini yake "Kipanga" kwa mwandiko mwingine mzito.

Mwandiko mzito ni wa mumewe, mfuga nyuki, ambaye wakati ule alikuwa amekuja kisiwani kujitolea tu. Ndege alipita juu yao akaenda zake. Mama Kimya alisema mwewe, kijana yule akasema kipanga. Aliyekuwa msimamizi wakati huo akataka wapatane ili aandike jina moja, nao wote wawili wakakataa, mpaka akaandika yote mawili. "Nikajua huyu hatanidanganya ili anipendeze," Mama Kimya alituambia. "Tumeoana miaka ishirini na sita, ndege bado hajatua, na chakula tunakula sahani moja. Sasa nendeni mkalale, na kesho kila mtu aje na macho yake."

Asubuhi alitunyang'anya vidude vyote viwili. Alitupa kila mmoja kokoto mia mbili kwenye mfuko wa kulia wa jaketi: ukiona kiota, hamisha kokoto moja kwenda mfuko wa kushoto. Kokoto mfukoni hailii, hasa mfuko ukishatiwa leso. Kabla ya kuanza aliweka mdomo karibu na sikio langu, akaninong'oneza kwamba nikimpenda mume wangu nimwache ahesabu peke yake.

Niliuona ufuo kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Naona haya kuandika hivi, maana nilikuwa nimeutazama siku nzima jana yake. Yai la buabua ni jiwe hasa, lina madoadoa ya jiwe na rangi ya jiwe, na kiota ni kibonyeo tu kwenye changarawe. Unakigundua kwa kumtazama mama anavyojikunyata juu yake na kutingisha mkia mara mbili. Niliona dume akimletea jike samaki, jike akamgeuzia mgongo, dume akazunguka upande wa pili na kumpa tena. Niliona kifaranga mmoja wa mapema, mkubwa kama kidole gumba changu. Nilihamisha kokoto moja moja na jasho lilikuwa linanitoka, kwa sababu kila kokoto ilikuwa kiota, na kila kiota kilikuwa gati linalosogea mbali. Mume wangu sikumsikia kabisa. Kwa saa nne nzima nilisahau kwamba nimeolewa. Nilipokumbuka nilishtuka, nikamtazama chini ya ubao: buti zake zilikuwa zimetulia, kama buti za mtu anayefanya kazi.

Saa tano na nusu Mama Kimya alilifungua kopo palepale kibandani. Kipande cha kwanza hatukulingana. Cha pili hatukulingana. Cha tatu tulilingana na wote tukaingiwa na hofu. Mwisho alijumlisha kwa penseli mara mbili. Mimi: mia moja sitini na tatu. Mume wangu: mia moja hamsini na nane.

Tofauti vitano. Ndogo kati ya hizo imevuka mia na hamsini. Mama Kimya aliufunga mfuniko wa kopo, akainua kidole chake juu ingawa hakuna aliyekuwa anasema, akatoka nje akasimama ameupa mgongo mlango wetu kwa muda.

Sisi hatukumpa ukimya aliouomba. Tulipofika kwenye boti tayari nilikuwa nataka kujua vile viota vyangu vitano amevipeleka wapi. Mume wangu alisema vitatu kati yake vilikuwa mawe na viwili vilikuwa tamaa. Nikamwambia seremala amezoea kupima mara mbili na bado milango yake inakwaruza. Akaniuliza kama lile dumu nalo lilikuwa limetaga. Hayo yalikuwa maneno yetu ya kwanza makali tangu harusi, yalidumu bahari nzima, na nahodha aliapa kwamba kwa fungate zote alizowahi kuzivusha hii ndiyo ya kwanza kugombania changarawe. Mama Kimya alikaa mbele, daftari mapajani, na kila tulipopandisha sauti mabega yake yalitikisika. Nilidhani analia. Nilipochungulia, alikuwa anacheka mpaka miwani imeingia ukungu.

Barua ilifika kituoni Jumanne ya wiki iliyopita. Amri imerudiwa kwa miaka kumi mingine. Ufuo wa kusini unabaki wa buabua. Mkuu wa kituo aliisoma kwa sauti kwenye korido. Mama Kimya aliisikiliza, akauliza kama wameandika namba zote mbili, na alipoambiwa ndiyo, akarudi kumalizia kufunga maboksi yake. Kwenye daftari kuu, mstari wa mwisho wenye mwandiko wake unasema: "163 na 158. Wote wawili walitazama."

Kwetu nyumbani tumezibandika zile karatasi mbili kwenye ukuta wa jikoni, juu ya jiko, moja kando ya nyingine. Wageni wanauliza ipi sahihi. Mimi najibu, naye anajibu, na chai inapoa.

Mama Kimya, kituo kizima kinakushukuru. Asante kwa kiatu ulichokiacha kwenye tope, kwa panya wa kwenye buti, na kwa kutuamini tena asubuhi ambayo hatukustahili. Nenda kwa mzee wako na nyuki zake, mkae barazani, mtazame juu, na akipita yule ndege msikubaliane. Uwe na afya, usingizi mtamu na kelele nyingi upendavyo.

Nasaini wasifu huu kwa niaba ya wafanyakazi wote. Mimi nimehesabu miaka thelathini na mitatu ya utumishi wako. Mume wangu, aliyesoma rasimu hii nyuma ya bega langu, anaingiza na ile miezi ya kupiga chapa kama mwaka mzima, anapata thelathini na minne. Tumebishana tangu jana. Tumekuandikia hesabu zote mbili.